Mizinga ya nyuki: kishimo kidogo chenye kuokoa mugongo

Wasomaji wetu, juma hili tunazungumuzia kitu kidogo sana, chenye watu wengi hawakihesabu hata kama kazi: ile fasi ya kushikia yenye fundi anachimba kwenye ubavu wa sanduku la nyuki. Sisi tutaiita mushikio. Utasema: « Mushikio tu? Hiyo njo habari ya kuweka mu gazeti? » Ngoja kwanza. Sanduku lenye kujaa asali linaweza kupima kilo 25, hata 40. Ndani yake kuko maelfu ya nyuki wenye hawapendi kutikiswa. Na mutu mwenye kulibeba, mara nyingi magharibi ama usiku, analishika kwa ncha za vidole. Kama vidole vinateleza, hakuna tena wakati wa kurudia kwa fundi na kumuuliza maswali.

Tangu miombo ya Katanga mpaka milima ya Kivu, mizinga ya sanduku inajulikana sasa vizuri. Lakini haitoki kiwandani. Inatengenezwa mu mutaa, na seremala yuleyule mwenye kutengeneza vitanda, milango na viti vya kanisa. Ni fundi wa kweli, anajua mbao. Kitu kimoja tu kinakosekana: yeye hajabeba hata siku moja sanduku lenye kujaa. Analijua likiwa tupu, jepesi, kavu, limewekwa juu ya meza yake. Ukimuuliza juu ya mushikio, mara nyingi utasikia: « Sisi tunatengenezaka sanduku tu, wenye kubeba ni wengine. » Njo hapo shida yote inaanzia.

Muzinga wa zamani haukuomba mushikio

Wazee wetu walifuga nyuki tangu zamani bila kujua neno hilo. Muzinga wao ulikuwa kipande cha muti chenye kutobolewa ndani, ama ganda la muti lenye kukunjwa na kufungwa kwa kamba za musitu. Waliutundika juu ya muti na kuuacha. Siku ya kuvuna, mutu alipanda na moshi, akakata masega kwa kisu, akayashusha mu chombo. Muzinga wenyewe ulibakia fasi yake. Kwa hiyo hakuna mutu alikuwa na haja ya kuushika vizuri kila juma.

Sanduku ni kitu kingine kabisa. Lilianzia Marekani, kwa muchungaji mumoja wa kanisa, Lorenzo Langstroth. Mu mwaka wa 1851 alielewa kama nyuki wanaheshimu nafasi ya kupita ya milimetre 6 mpaka 9 hivi. Kama nafasi inapungua, wanaiziba na gundi yao. Kama inapita hapo, wanajengamo masega. Alitumia siri hiyo kutengeneza muzinga wenye kadre, ni kusema vile viunzi vya mbao vyenye kushikilia masega na vyenye mutu anaweza kutoa kimoja kimoja bila kuvunja kitu. Alipata hati ya uvumbuzi wake tarehe 5 Oktoba 1852.

Tangu hapo muzinga ukakuwa kama nyumba ya etaje. Chini kuko sanduku la malkia na watoto. Juu yake unaweka sanduku la asali, lenye Wafaransa wanaita hausse, kisha lingine, kisha lingine tena. Uzuri wa muzinga huo ni kwamba unafunguka. Lakini kufungua maana yake ni kubeba. Ukitaka kuangalia kama malkia iko muzima mu sanduku la chini, lazima kwanza ushushe yote ya juu, kisha uyapandishe tena.

Tufanye hesabu kidogo. Mufugaji iko na mizinga 10. Kila muzinga uko na masanduku mawili ya juu yenye kujaa, kila moja kilo 25. Kushusha ni mara 20. Kupandisha ni mara 20. Mara 40 kwa kilo 25, hiyo ni kilo 1.000. Tani nzima, mu kazi moja, kwa vidole nane. Vidole gumba havihesabiki hapa, kwa sababu kwenye mushikio wa kuchimbwa, vyenyewe vinabakia inje.

Kilo zenye kuwa mu sanduku, na kilo zenye kuwa mu mukono

Sanduku la Langstroth la kadre 10 liko na urefu wa milimetre 505 hivi na upana wa milimetre 413. Mbao yake ni ya milimetre 19. Lile la kimo kirefu ni milimetre 244. Likijaa asali linapima kilo 36 mpaka 41. Lile la kimo cha katikati ni milimetre 168. Likijaa linapima kilo 23 mpaka 27. Na hapo tunazungumuzia mbao nyepesi, kama ya pine. Mukitumia eucalyptus, yenye iko mingi mu Kivu, sanduku tupu lenyewe linaongeza kilo moja, mbili ama zaidi.

Sasa, mutu anaweza kubeba kilo ngapi bila kuharibu mugongo? Kule Marekani kuko taasisi ya serikali yenye kuchunguza afya ya wafanyakazi, inaitwa NIOSH. Kipimo chake kinaanzia kwenye kilo 23, na hiyo ni kama kila kitu kiko sawa: muzigo uko karibu na mwili, uko kwenye kimo cha kiuno, mutu hageuzi mugongo, na anashika vizuri. Kila sharti lenye kukosekana linapunguza kilo. Kwa mushikio mubaya peke yake, wanatosha sehemu moja juu ya kumi. Kilo 23 zinakuwa chini ya 21.

Tuelewane hapo. Mushikio haupunguzi hata gramu moja ya asali. Lakini mushikio mubaya unapunguza nguvu ya mutu mwenye kubeba. Sanduku ni lilelile, mutu ni yuleyule, lakini mwili wake unalipa zaidi. Anashika kwa ncha, anakaza mabega, anapindisha mugongo ili sanduku lisimuponyoke. Na kesho yake anasema: « Mugongo unaniluma, sijue juu ya nini. »

Tena kuko nyuki wenyewe. Nyuki wa kwetu si wale wapole wa Ulaya. Wanajua kulinda nyumba yao, na wanatoka wengi kwa mara moja. Kitu chenye kinawaamusha haraka ni mutikisiko. Nyuki wa kwanza mwenye kuchoma anaacha harufu yenye kuita wengine. Watu wengi wanasema inafanana na ya ndizi mbivu. Sanduku lenye kuwekwa chini polepole na sanduku lenye kuanguka kutoka kwenye kiuno ni vitu viwili mbalimbali kabisa. La kwanza ni kazi ya siku. La pili linaweza kufukuza watu, mbuzi na kuku wa jirani wote.

Kwa nini tusitoboe tu?

Fundi mwingine anasema: « Acha nitoboe tundu, kama kwa kasha la tomate. Vidole vinapita, kazi imeisha. » Kwa tomate ni sawa. Kwa machungwa, kwa chupa, kwa samaki wakavu, ni sawa tena: tundu la kupita ngambo mpaka ngambo linashikika vizuri kuliko kishimo, na linaingiza hewa.

Kwa nyuki, hapana. Tundu ni mulango. Nyuki wanatokea hapo, wanakuta vidole vyako vimeingia mu nyumba yao. Halafu kundi lazima liweke walinzi kwenye mulango mwingine. Siafu wanapata njia. Nondo wa masega na kale kadudu keusi ka mizinga, kenye kuzaliwa huku kwetu Afrika, wanapata njia. Mvua nayo inapata njia. Kundi lenye nguvu litaziba tundu na gundi yake, ndiyo, lakini hiyo ni kazi yenye nyuki wangefanya kwenye maua.

Kwa hiyo mushikio wa sanduku la nyuki lazima uwe kishimo chenye hakitoboki. Unaingia ndani ya mbao ya milimetre 19, unashika vidole, kisha unasimama. Fundi anachimba kati ya mambo mawili: akichimba kidogo sana, vidole havipati fasi, akichimba sana, mbao inapasuka siku sanduku limejaa.

Chora kwanza, chimba baadaye

Kosa lenye kuonekana sana ni la fasi. Fundi anafikiri: kushikia juu kabisa ni vizuri zaidi, sanduku halitapinduka. Lakini kumbuka, ndani ya zile mbao mbili fupi, juu kabisa, kuko ile ngazi ndogo yenye masikio ya kadre yanapumzikia. Ngazi hiyo inashuka milimetre 16 na inakula karibu nusu ya unene wa mbao. Pale kunabakia milimetre 9 ama 10 tu. Ukichimba mushikio wa milimetre 12 kutoka inje kwenye kimo kilekile, patasi itatokea ndani. Hata kama haitokei, mbao itakuwa nyembamba kama biskuti, na hapo njo kadre zote zinaning'inia na asali yao.

Basi shuka. Kwa sanduku la milimetre 168, ukingo wa juu wa mushikio uwe santimetre 6 chini ya ukingo wa sanduku. Kwa lile la milimetre 244, shuka santimetre 7 ama 8. Hapo uko chini ya ngazi ya kadre, lakini bado uko juu ya katikati ya sanduku, kwa hiyo muzigo hautapinduka mu mikono.

Urefu wa kishimo: santimetre 11 na nusu mpaka 12, ili vidole vine viingie bila kubanana. Kimo chake: santimetre 4, kwa sababu mufugaji anavaa gants nene. Kina chake: milimetre 12, si zaidi, ili kubakie milimetre 7 za mbao nyuma. Kama mbao yako ni ya milimetre 15, usichimbe hata kidogo. Tutaona nini ya kufanya.

Sasa umbo, na hapa tunaomba mafundi wasome mara mbili. Kishimo kinapaswa kuwa kirefu ndani kwa upande wa JUU, kisha kiteremuke polepole mpaka kiishie inje kwa upande wa chini. Ukingo wa juu ukatwe wima, ama ulale kidogo kuelekea juu, ili vidole vipate kitu cha kung'ang'ania. Ule muteremuko wa chini unasaidia maji ya mvua yatoke. Ukifanya kinyume, kirefu chini na kifupi juu, umetengeneza kikombe. Vidole vitateleza, maji yatakaa, na mbao itaanza kuoza palepale penye ni nyembamba.

Na usisahau: mishikio miwili ya sanduku moja lazima iwe kwenye kimo kimoja. Tofauti ya santimetre mbili inatosha ili sanduku lilale upande, na kadre zigongane ndani. Chora mustari moja kwa ekere, kwa mbao mbili pamoja, mbele ya kuchimba.

Kazi ya mukono, bila kungojea umeme

Watu wengi wanafikiri mushikio unaomba mashine. Hapana. Mu mutaa wenye umeme unakuja saa moja ya usiku na kuondoka saa mbili, patasi, ile yenye mafundi wetu wanaita sizo, inatosha kabisa. Kanuni ya kwanza: chimba mbele ya kuunga sanduku, wakati mbao bado imelala juu ya meza na imefungwa vizuri na kibano.

Angalia nyuzi za mbao. Kwenye sanduku, nyuzi zinalala, zinafuata upana. Kwa hiyo ule ukingo wa juu wa mushikio unafuata nyuzi. Kama fundi anaanza hapo, anasimamisha patasi na kupiga kwa nguvu, mbao inapasuka kutoka pale mpaka mwisho. Eucalyptus haisamehe hata kidogo. Usianzie hapo.

Anzia kwenye ncha mbili za kishimo, za kuume na za kushoto. Hapo patasi inakata nyuzi, haizifunguwi. Piga wima, kidogo kidogo. Kisha, kati ya ncha mbili hizo, piga mistari mingine ya kukata nyuzi, kila milimetre 5 ama 6, kama mutu anayekata nyama ya kukauka. Kumbuka kila mustari uingie zaidi kwa upande wa juu, kidogo kwa upande wa chini. Mukimaliza, mbao ya kishimo itakuwa imekatwakatwa vipande vidogo.

Sasa laza patasi, anzia chini, sukuma kuelekea juu. Vipande vitatoka kimoja kimoja, bila nguvu nyingi. Ukifikia karibu na ukingo wa juu, simamisha nyundo. Pale unachora mustari kwa kisu chenye makali, mara mbili tatu, kisha unasafisha kwa patasi na mukono tu. Rudilia mpaka ufike milimetre 12. Kipimo ni rahisi: kata kijiti, weka alama ya kalamu kwenye milimetre 12, kisimamishe ndani ya kishimo. Kijiti hakidanganyi.

Kama uko na kekee ya mukono, kuko njia nyingine ya haraka. Funga kipande cha skoche kwenye ncha ya kekee, milimetre 11 kutoka kwenye kichwa. Toboa vishimo kwa kufuatana chini ya mustari wa juu, na usimame kila mara skoche inapogusa mbao. Kisha patasi inaunganisha vishimo na kuteremusha chini. Skoche hiyo ya franga kidogo inalinda mbao nzima.

Kumaliza: pitisha papye de vere. Ukingo wa juu utolewe makali ili usikate vidole, lakini usiuviringishe sana, vidole vitateleza. Kisha rangi ama mafuta ya kitani, kwa inje tu, na mushikio wenyewe upate mara mbili, kwa sababu pale mbao ni nyembamba na mvua inapita kila siku. Ndani ya sanduku, hakuna rangi. Nyuki wanaishi mule.

Wenye kuwa na mashine

Atelie yenye umeme inaweza kuchimba kwa mashine ya kuchimba mbao, na kiolezo cha kontreplake chenye kukatwa umbo la mushikio. Mashine inazunguka ndani ya kiolezo, na masanduku mia yanakuwa na mishikio yenye kufanana. Ni njia nzuri kuliko zote kama oda ni kubwa. Fundi azoee kupita mara tatu ama ine, kila mara milimetre chache, na si kuzamisha milimetre 12 mara moja.

Wengine wanatumia musumeno wa umeme wa kuzunguka: wanaweka kina cha milimetre 12, wanashusha musumeno juu ya mbao, unaacha kishimo chenye kufanana na tabasamu. Inawezekana, lakini tuseme wazi: kushusha musumeno wenye kuzunguka katikati ya mbao ni kazi ya hatari. Unaweza kuruka nyuma na kukuta muguu ama tumbo. Mbao ifungwe kwa vibano viwili, mikono yote miwili iwe juu ya mashine, na hakuna mutoto ama mwanafunzi nyuma yako. Na ile tabia ya kufunga meno ya musumeno kwenye mashine ya kukata chuma, ile yenye mafundi wanaita meleze, muiache kabisa. Mashine hiyo haikutengenezwa kwa meno ya musumeno, na kwa mushikio mumoja hakuna sababu ya kupoteza vidole.

Kibao cha kupigilia, ndugu ya mushikio

Kuko suluhisho lingine, na wafugaji wengine wanalipenda kuliko kishimo. Unakata kibao cha mbao, milimetre 25 kwa 40 hivi, chenye urefu wa upana mzima wa sanduku. Unakipigilia inje kwenye mbao fupi, chini ya ngazi ya kadre, palepale penye ungechimba. Unashika kwa mikono mizima, si kwa ncha za vidole. Sanduku halipungukiwi na kitu. Tena mbao inapata nguvu.

Ni dawa ya mbao nyembamba, ya mbao yenye macho mengi, na ya sanduku la zamani lenye lilitengenezwa bila mushikio. Lakini iko na masharti yake. Weka gundi na vise, si musumari tu, kwa sababu musumari unatoka polepole kila mara unapobeba. Vise zisipite milimetre 40: kibao milimetre 25 na mbao milimetre 19 ni 44, ukipita hapo ncha itatokea ndani na kukwaruza kadre. Uso wa juu wa kibao ulale kidogo kuelekea inje, ili maji yasikae kati yake na sanduku.

Ubaya wake ni safari. Masanduku yenye vibao hayakaribiani vizuri juu ya kamioneti, na juu ya chukudu vibao vinagongana mu kila shimo la barabara. Mutu mwenye kuhamisha mizinga yake mara nyingi atachagua kishimo. Mutu mwenye mizinga yake inakaa fasi moja miaka yote, kibao kitamufaa.

Mushikio si wa kung'olea

Neno moja kwa wafugaji wenyewe, kwa sababu lawama yote si ya fundi. Nyuki wanaunganisha masanduku na gundi yao. Sanduku la juu linakaa kama limepigwa misumari. Mutu mwenye haraka anashika mishikio miwili na kuvuta kwa nguvu zote. Siku moja ukingo wa mushikio unakatika, ama gundi inaachia gafula, sanduku linaruka na nyuki wanatoka pamoja nalo. Kwanza ingiza chuma bapa kwenye kona, fungua polepole, weka moshi, ngoja kidogo. Ukisikia sanduku limeachia, hapo tu ushike mishikio.

Na kama kilo zinakushinda, usimuombe fundi mushikio wa ajabu. Muombe masanduku mafupi. Sanduku la milimetre 168 badala ya 244, ama la kadre 8 badala ya 10. Weka muzinga juu ya miguu yenye kufikisha sanduku la asali karibu na kiuno. Mushikio muzuri, sanduku fupi na kimo kizuri vinatembea pamoja. Kimoja hakiwezi kujaza fasi ya vingine.

Nani analipa ule wakati?

Tunarudia kwa seremala. Analipwa kwa sanduku, si kwa saa. Kila mushikio unamuomba wakati, patasi yenye kunolewa, na uangalifu. Kama oda imeandika tu « masanduku 20 ya nyuki » na bei imekatwa mpaka mwisho, atafanya nini? Atapiga patasi mara tano, ataacha mukwaruzo wenye hata ukucha hauingii, na atasema mushikio ni huo. Hatumulaumu. Tuliona oda zenye kuandika vipimo vya kadre mpaka milimetre ya mwisho, na juu ya mushikio hakuna hata neno moja. Mutu mwenye kuandika oda hatabeba. Mutu mwenye kutengeneza hatabeba. Mwenye kubeba, mara nyingi mama ama kijana wa kijiji, hakuulizwa.

Kwa hiyo, kama unaagiza masanduku, andika mistari hii kwenye karatasi ya oda: mishikio miwili kwa sanduku, kwenye mbao fupi, ukingo wa juu santimetre 6 chini ya ukingo wa sanduku, ama 7 mpaka 8 kwa sanduku refu, urefu santimetre 12, kimo santimetre 4, kina milimetre 12 kwa juu na muteremuko kwa chini, mbao isipungue milimetre 19, ama sivyo kibao cha kupigilia. Kisha muulize fundi anaomba franga ngapi juu ya kazi hiyo, na umulipe.

Omba sanduku moja la kwanza mbele ya yale mengine, na mulijaribu pamoja mu atelie. Pigilia kwa muda vibao viwili vitatu chini yake, kwa sababu sanduku la asali halina sakafu. Weka ndani mufuko wa muchele wa kilo 25. Vaa gants zako. Lichukue kwenye meza, tembea mpaka kwenye mulango, geuka, rudi, uliweke chini polepole. Kisha umupe fundi gants, naye afanye vilevile. Kama kuko kitu cha kusahihisha kwenye mushikio, atakiona yeye mwenyewe mbele ya kufika kwenye meza, na yale masanduku 19 yenye kubakia yatatoka tofauti.